Verna Halvorsen Anaiacha Simu ya Kaunta

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Verna Halvorsen anastaafu baada ya kulitumikia Duka la Dawa la Lindqvist, hapa Otterby, kwa miaka thelathini na minne. Sherehe ni jioni, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, na kahawa itakuwepo. Anayeandika ni Orville Zastrow, dereva wa gari la dawa. Mimi nilianza kazi hapa kabla yake. Naliandika hilo mapema kwa sababu naona watu wengi wameshalisahau. Shule niliiachia darasa la nane, mwaka ambao baba alivunjika mguu wakati wa kukata majani ya ng'ombe, kwa hiyo ukikuta kosa humu ndani lipite tu. Barabara za wilaya hii, za lami na za msituni, nazijua zote bila ramani, na katika hao waliosoma hakuna hata mmoja anayeweza kusema hivyo.

Verna alikuja kwetu akitoka jikoni mwa shule, ambako alikuwa akifanya kazi pamoja na mke wangu Ardis. Mzee Lindqvist, baba yake Curtis tuliye naye sasa, alimweka kwenye kaunta apokee simu kwa wiki mbili, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Ukweli ni kwamba hakutafutwa, kwa sababu siku ya tatu Verna alishaanza kugombana na kampuni za bima, na mzee Lindqvist alikuwa anaziogopa.

Kazi yake ilikuwa nini hasa, watu wa mjini hawaijui vizuri, ndiyo maana wanaisifu kupita kiasi. Daktari anaandika dawa. Sisi tunaipeleka kwa bima kwa njia ya kompyuta. Bima inakubali au inakataa. Ikikubali, mfamasia anaifunga, mimi naipeleka nyumbani kwa mtu hata theluji iwe imefika dirishani. Ikikataa, Verna anapiga simu. Yeye alikuwa amekaa ndani kwenye joto na mimi nilikuwa nje. Nataka hilo nalo lijulikane.

Lakini kupiga simu alijua. Kila mwaka mwezi wa Novemba, wakati wa msimu wa kuwinda kulungu, nusu ya wanaume wa hapa wanahamia kambini msituni, na dawa zao zinaishia hukohuko. Lazima wachukue mapema. Bima hairuhusu kuchukua mapema. Verna alikuwa anapiga simu huko kusini kwenye jua, ambako kampuni hizi zinakaa, na kumweleza binti wa upande wa pili kwamba huyu bwana anakwenda kwenye kambi ya kulungu. Mwaka mmoja binti akamuuliza hiyo kambi ya kulungu ni hospitali ya ugonjwa gani. Verna akamjibu kwamba ni ugonjwa wa wanaume, unakaa siku tisa, na hauna dawa. Dawa za presha za kambi nzima zikaruhusiwa siku hiyohiyo. Hadithi hiyo inasimuliwa kila Novemba. Inaposimuliwa, hakuna anayeuliza ni nani aliyezipeleka hizo dawa.

Baadaye ikaja mashine. Curtis alikuwa ameshachukua duka kwa baba yake, na akaingia kwenye mpango wa dawa kujazwa upya zenyewe. Siku zako zikikaribia kuisha, mashine inaiomba bima, bima inakubali, dawa inafungwa, mimi napeleka. Hakuna kupiga simu, hakuna kusubiri kaunta. Watu waliipenda. Mimi pia niliipenda, sikatai, kwa sababu nilidhani sasa angalau sifa zitagawanywa. Mashine imeomba, Orville amefikisha, Verna anywe kahawa.

Haikuwa hivyo, na kosa ni la watu wetu wenyewe. Watu wa Otterby hawapendi kumsumbua mtu. Einar Moe aliambiwa na daktari aache dawa ya tumbo. Mashine haikuambiwa. Ikaendelea kujaza, mimi nikaendelea kupeleka, na Einar akaendelea kupokea mlangoni na kusema ahsante, akaenda kuzipanga chupa gereji nyuma ya ndoano zake za kuvulia. Alipoulizwa mbona hukusema, alijibu, “Niliona wenyewe wanajua wanachofanya.” Na kuna mjane wa kule karibu na kiwanda cha jibini aliyekuwa anameza dawa ya zamani na dawa mpya kwa pamoja, kwa sababu zote mbili zililetwa, na kitu kikishaletwa kwako ni utovu wa adabu kukirudisha.

Ndipo Verna akaanzisha utaratibu wake. Kila Jumanne asubuhi, kabla sijapakia gari, anampigia kila mtu ambaye mashine imemjazia dawa. Anaanza na theluji. Halafu mbwa. Halafu goti. Dawa anazifikia mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa anaaga. Curtis alimwambia mashine ilinunuliwa ili simu hizo zisiwepo. Verna alimwambia sawa, na Jumanne iliyofuata akapiga tena.

Hapo ndipo mji mzima ulipokuwa wake. Nafika mlangoni kwa mtu, nyuzi joto ziko chini ya sifuri mpaka ndevu zimekuwa barafu, mfuko wa dawa nimeushika mkononi, na mtu ananiuliza, “Verna hajambo?” Wakati wa Krismasi nilikuwa napewa mikebe ya biskuti za tangawizi, nyingine za siagi, zimefungwa utepe. Moyo unaruka kidogo. Halafu naambiwa, “Mpelekee Verna.” Gari zima linanukia biskuti ambazo si zangu, kuanzia shamba la akina Moe mpaka dukani. Verna alikuwa anafungua mikebe na kutugawia wote, mimi kwanza. Lakini kupewa na mwenye biskuti ni kitu kimoja, na kupewa na aliyepewa ni kitu kingine. Miaka yote hiyo nilipata mkebe mmoja wenye jina langu, kutoka kwa bibi ambaye macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, na sina hakika nao.

Nyumbani kwangu ilikuwa vilevile. Ardis alikuwa anangoja Jumanne. Simu ikilia alikuwa anakaa chini kabisa na kuvuta kiti kingine cha kuweka miguu, nami nasikia kicheko mpaka barazani. Nikimuuliza mlikuwa mnaongea nini anasema, “Dawa.” Kuna watu wanaocheka hivyo kwa sababu ya dawa?

Sasa nifike mwaka huu, kwa sababu ndio unaozungumzwa mjini, na unazungumzwa vibaya.

Ardis ana ugonjwa wa viungo. Vidole vyake bila dawa vinajikunja kama mizizi. Anajichoma sindano, inakaa kwenye friji karibu na maziwa, na ikifanya kazi yake vidole vinafunguka na Ardis anapiga kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua. Wageni ambao hawajawahi kuisikia polka ya Ardis Zastrow, muziki wa kucheza wawiliwawili, wamepungukiwa. Amepiga kwenye harusi za watu ambao sasa wana wajukuu. Mimi mwenyewe nilimwona mara ya kwanza akiwa na kodiani kifuani, nikamwambia kaka yangu huyu ni wangu, na akawa wangu.

Mwezi wa kwanza ulipoanza, wapishi wastaafu wa shule, Ardis akiwemo, walihamishiwa kwenye bima nyingine. Januari hiyohiyo Verna alikwenda kubadilishwa nyonga. Mashine iliiomba bima mpya sindano ya Ardis, bima ikakataa, na mashine ikaiweka sindano pembeni, kimya. Wale wa kaunta hawakuona, kwa sababu waliambiwa mashine inajiendesha. Kila asubuhi nilipakia mifuko ya wilaya nzima na mfuko wa nyumbani kwangu haumo. Ardis alisema itakuja. Mimi nikasema itakuja. Mtu anayefanya kazi dukani hawezi kwenda kaunta kumuulizia mke wake kama mtu anayetafuta upendeleo, angalau mimi siwezi. Na Ardis hakupiga simu kwa sababu Verna yuko kitandani na wengine wana kazi nyingi.

Kufikia mwanzo wa Februari alikuwa hawezi kufunga vifungo vya koti lake. Kodiani ilikaa ndani ya sanduku lake. Nilimsikia siku moja akilifungua na kulifunga tena.

Verna alirudi akitembea na fimbo. Ijumaa yake ya kwanza alikuja kula samaki wa kukaanga, mlo wa mji mzima kila Ijumaa, akaketi meza yetu. Akamtazama Ardis. Ardis alikuwa anakula samaki kwa kijiko, amekishika kwa ngumi kama mtoto.

“Ardis, sindano ya mwisho umejichoma lini?”

“Ah, si vibaya sana.”

“Sijauliza vibaya. Nimeuliza lini.”

Ardis akaangalia viazi vyake. “Kabla ya Krismasi.”

Verna akageuka kwangu. “Na wewe, mzee, unaendesha gari la dawa.”

Nilimwambia gari langu linabeba kile kinachowekwa ndani. Verna alikuwa ameshachukua fimbo yake.

Jumatatu akaanza. Bima mpya ilitaka Ardis aanze na vidonge vya zamani, vikishindwa ndipo wafikirie sindano. Vidonge hivyo Ardis alishavimeza zamani, vikamtoboa tumbo, akalazwa. Verna akawaeleza. Wakasema kwao hawajaona kama vimeshindwa. Akawaambia waliulize tumbo lake. Kila siku aliweka simu begani akisikiliza muziki wao wa kusubirisha huku akiwahudumia wateja kwa mikono miwili. Mimi pia niliwapigia, kutoka kwenye gari. Nilimwambia kijana aliyepokea kitu ambacho baba yake alipaswa kumwambia mapema. Akakata simu. Naamini ile simu yangu iliwalainisha, ingawa Verna ana maoni mengine.

Mwishowe walikubali jambo moja. Daktari wao atazungumza na daktari wetu kwa simu, Alhamisi, saa tisa mchana, mara moja tu. Daktari wetu asipopatikana, kila kitu kinaanza upya na majibu ni mwezi wa nne. Ardis aliposikia mwezi wa nne aliweka mikono chini ya aproni.

Daktari wetu ni Saari. Alhamisi mchana zahanati inafungwa na Saari yuko ziwani anavua samaki kwenye barafu, hilo hata wagonjwa wake mahututi wanalijua. Verna alimtaka aje dukani saa tisa, simu ipokelewe kwenye kaunta. Saari akaahidi.

Simu ililia saa nane. Wale watu wa kusini saa yao inatutangulia, na hakuna aliyekuwa ameuliza saa tisa ya nani. Nilikuwa naingia kuchukua mifuko ya mchana. Verna akafunika simu kwa kiganja.

“Orville. Ziwani. Mlete Saari.”

Curtis amekataza gari la duka kuingia kwenye barafu. Niliingia nalo. Barafu ilikuwa inatosha kubeba lori la maziwa, hilo naweza kulijua kwa rangi tu, na wengine wanahitaji kuitoboa kwa keekee kwanza. Ziwa limejaa vibanda vya kuvulia. Cha Saari ni kile chenye bomba la moshi, kwa sababu yeye ni Mfini, watu wa bafu la mvuke, na lazima atokwe jasho hata juu ya barafu. Nikafungua mlango. Alikuwa ameketi bila koti, mshipi umekaza, samaki mkubwa yuko upande wa pili.

“Subiri nimtoe,” akasema.

Nikatoa kisu, nikakata mshipi.

Sitaandika aliyoyasema, na sehemu kubwa ilikuwa Kifini. Aliyasema mpaka tukafika ufukweni. Nikamwambia samaki huyo nitamrudishia mimi mwenyewe, mkubwa kuliko huyo, kwa kuwa mimi ndiye ninayevua vizuri kuliko wote hapa, anajua.

Muda wote huo Verna alikuwa amemshikilia yule daktari wa bima kwenye simu. Hakumwomba asubiri, kwa sababu ungemwomba angekataa. Alimuuliza mama yake anaishi wapi. Ikawa mama yake ni wa Iowa, jimbo jirani, ng'ambo ya mto tu, ana ugonjwa wa macho, anapata dawa kwa mashine kama sisi. Verna akamuuliza nani anampigia mama kuhakikisha zimefika. Yule bwana akaanza kueleza, na akawa bado anaeleza tulipoingia, mimi na Saari, Saari hana koti na ananuka samaki. Wale madaktari wawili walizungumza kwa muda unaotosha kufunga ndoano. Sindano ikakubaliwa mpaka mwisho wa mwaka. Verna alimalizia kwa kumwambia ampigie mama yake.

Jioni hiyo niliipeleka sindano nyumbani kwangu mwenyewe, ndani ya boksi la barafu, kwenye kiti cha mbele.

Mjini wanasema Verna ameiokoa mikono ya Ardis. Wanalisema dukani, kanisani, kwenye samaki wa Ijumaa, na mimi nimekaa palepale. Hakuna anayetaja gari. Hakuna anayetaja kisu. Saari anataja samaki. Hata Ardis, alipoweza kufunga kifungo cha kwanza, alimpigia simu Verna kumwambia, na mimi nilikuwa chumba cha pili. Akaanza tena kufanya mazoezi ya kodiani, polepole, na akatangaza kwamba polka ya kwanza kwenye sherehe hii ni ya Verna. Nilikaa nalo hilo siku kadhaa. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii na hajawahi kunitajia polka hata moja mbele ya watu.

Wivu ninao, na Verna anajua. Curtis alitaka wasifu huu uandikwe na mkewe, ambaye ana shahada. Verna akakataa, akasema aandike Orville. Nikamwendea kwenye kaunta nikamwambia mama, mimi siwezi kukuandika vizuri, nina kinyongo na wewe tangu mkebe wa kwanza wa biskuti. Akaendelea kubandika vibandiko kwenye chupa.

“Ndiyo maana,” akasema. “Wengine wataniandika kama nimekufa.”

Halafu akasema jambo lingine, na hilo ndilo ambalo nimekuwa nalo garini wiki nzima. Alisema kibali cha sindano ya Ardis kinafika mwisho Desemba, na Januari mashine itaomba tena, na wanaweza kukataa tena, na yeye atakuwa nyumbani kwake na nyonga yake mpya.

“Mfuko wa Ardis usipokuwemo garini, Orville, utauliza?”

Nilipakia mifuko. Nilipanga ya kaskazini, nikapanga ya ziwani. Nikarudi ndani nikamwambia nitauliza. Nitauliza siku hiyohiyo, kwenye kaunta, mbele ya watu, na nisipojibiwa nitakaa kwenye kile kiti chake na kupiga simu mwenyewe, na safari hii sitamwambia kijana wa watu kitu chochote kuhusu baba yake. Nitamuuliza mama yake anaishi wapi. Verna alisema hiyo ni njia nzuri. Ni njia yake, lakini nadhani nikiizoea nitamzidi.

Nilianza mazoezi ya kuuliza Jumanne iliyopita, jikoni. Nilimuuliza Ardis kama polka ya pili inaweza kuwa yangu. Aliweka kodiani chini.

“Hujawahi kuomba,” akasema.

Basi Ijumaa, ya kwanza ni ya Verna na ya pili ni ya Orville Zastrow, na mje mapema mpate viti. Kwa niaba ya duka, ya Curtis, ya wote waliokwenda kambini na dawa zao mfukoni, na ya nyumba yangu, tunakushukuru, Verna. Pumzika, nyonga ipone, uamke Jumanne bila kumpigia mtu, na simu yako ilie wewe ndiye unayeulizwa hali. Uishi vizuri na uishi sana. Na mwaka huu Krismasi, biskuti zako nitazileta mpaka mlangoni kwako mimi mwenyewe, zote, isipokuwa mkebe mmoja.